Ahadi Isiyotengewa Akiba

Tarehe 16 Septemba 2008, Benki Kuu ya Marekani ilitangaza kuikopesha kampuni ya bima ya AIG hadi dola bilioni 85 ili isifilisike. Wengi hadi leo huamini kwamba kilichoiangusha kampuni hiyo ni hesabu ngumu zinazoeleweka na mabingwa wachache tu. Sikubaliani nao. Kilichotokea anaweza kukielewa yeyote aliyewahi kukata bima, na imani kwamba hakieleweki ndiyo iliyowanyamazisha waliopaswa kuuliza mapema.

AIG iliangushwa na derivativu, yaani mkataba ambao thamani yake hutokana na kitu kingine: bei ya mahindi, kiwango cha riba, hisa, au uwezo wa mkopaji kulipa deni lake. Tawi moja la AIG liliuza mikataba ya aina hii ya mwisho, iitwayo swopu za mikopo. Mnunuzi alilipa ada kila kipindi, na AIG ikaahidi kumfidia iwapo hati zilizotokana na mikopo ya nyumba zisingelipwa. Hiyo ilikuwa bima kwa kila hali isipokuwa jina. Muuza bima hulazimishwa na sheria kutenga akiba ya kulipia madai, lakini kwa kuwa mkataba huu haukuitwa bima, akiba haikudaiwa. Ahadi ni deni, ila hapa ada zilihesabiwa kuwa mapato na deni likaachwa bila fungu lake. Mashirika ya kukadiria uwezo wa kulipa madeni yaliposhusha daraja la AIG tarehe 15 Septemba, mikataba yenyewe iliitaka iongeze dhamana, yaani mali ya kuhakikisha kwamba italipa, ya mabilioni ya dola papo hapo, nayo haikuwa nazo.

Zaidi ya hayo, mnunuzi hakulazimika kuwa na mkopo wowote aliotaka kuukinga. Uingereza ililikataa jambo la namna hii katika bima ya maisha tangu mwaka 1774, ilipotunga sheria ya kumtaka mkata bima awe na maslahi ya kweli katika uhai anaoukatia, kwa sababu watu walikuwa wakiwekeana dau juu ya vifo vya wengine.

Onyo halikukosekana. Mwaka 1998 Brooksley Born, aliyeongoza tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bei za baadaye, aliuliza hadharani kama derivativu zinazouzwa nje ya soko rasmi zahitaji usimamizi. Alan Greenspan wa Benki Kuu na Robert Rubin wa Hazina walimpinga, na Bunge likamzuia. Septemba mwaka huohuo, mabenki 14 yalichanga dola bilioni 3.6 kuuokoa mfuko wa uwekezaji wa Long-Term Capital Management, uliojaa mikataba hiyohiyo. Hata hivyo, sheria ya Desemba 2000 iliziondoa swopu nyingi katika usimamizi, na ikazuia hata sheria za kamari za majimbo zisitumike dhidi yake. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote: mkataba uliachwa usiwe bima, usiwe kamari, wala bidhaa ya soko.

Sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 ilirekebisha mengi, kwa kutaka swopu za kawaida zipitie katika taasisi za kati za ulipaji, zinazosimama kati ya muuzaji na mnunuzi, ziwekewe dhamana na ziripotiwe. Soko la derivativu la Nairobi, lililozinduliwa Julai 2019, lilianza na utaratibu wa aina hiyo, kwa kuwa faida na hasara hukokotolewa kila siku na mwenye mkataba huweka dhamana.

Wasiwasi wangu uko kwingine, katika mikataba ambayo benki na muagizaji wa bidhaa hukubaliana faraghani kuhusu bei ya dola ya miezi ijayo. Shilingi ya Kenya ilipopanda ghafla mapema mwaka 2024, kutoka takriban 160 kwa dola hadi karibu 130, yeyote aliyekuwa amejifunga kununua dola kwa bei ya juu alibaki na wajibu wa kuilipa. Ningependa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Benki Kuu ya Kenya zidai kwa pamoja kwamba kila mkataba wa namna hiyo uoneshe, katika ukurasa wa kwanza na kwa shilingi, mteja atadaiwa kiasi gani iwapo bei itakwenda kinyume na matarajio yake.