Kinu cha nyuklia cha chuo: makosa yanaingia kikiwa kimezimwa

Ukimwambia mtu kuna chuo kina kinu cha nyuklia na wanaokiendesha ni wanafunzi wa miaka 20, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni Chernobyl, na mi namwelewa kabisa. Chuo cha Reed kule Portland, Oregon, kina kinu cha kufundishia na utafiti cha kilowati 250 tangu 1968, na wengi wa wanaokaa kwenye paneli ni wanafunzi wa digrii ya kwanza, tena wengine hata fizikia hawasomi, unakuta mtu anasoma historia au fasihi lakini kapitia mafunzo ya muda mrefu alafu kafanya mtihani wa tume ya Marekani inayodhibiti nyuklia, yaani mtihani wa serikali sio wa mwalimu wake, ndo akapewa leseni. Kuna wanaosema hamna elimu ya sayansi inayoifikia hii. Wengine wanataka vinu vya vyuo vifungwe vyote. Nimezifuatilia hoja za pande zote mbili na kinachonisumbua ni kwamba wote wanabishania saa ambazo kinu kinawaka, wakati ukiangalia yaliyowahi kutokea kweli unakuta mengi yalianzia kinu kikiwa kimezimwa.

Tuanze na wanaotetea maana hoja yao ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Kwanza ukubwa. Kinu cha kuzalisha umeme kinatoa joto la megawati 3,000 hivi, kwa hiyo cha Reed ni kama sehemu moja ya 12,000 ya hicho, kimekaa chini ya bwawa refu la maji na joto lake linaondoka bila purukushani. Pili ni mafuta yenyewe, sio petroli, ni ile urani ambayo ikipasuka ndani ya kinu inatoa joto. Kinu cha Reed ni cha aina inayoitwa TRIGA, ambayo wazo lake lilizaliwa 1956 San Diego pale wanafizikia akiwemo Edward Teller na Freeman Dyson walipojipa kazi ya kubuni kinu ambacho hata mtu akichomoa kwa mkupuo fimbo zote za kudhibiti, yaani zile zinazouzuia mpasuko, hakileti maafa, na usalama huo usitegemee mtu kuwa macho wala mtambo fulani kuwahi, utoke kwenye mafuta. Wakachanganya urani na zirkoni, ambayo ni metali, iliyoshiba haidrojeni. Haidrojeni ndo inayopunguza mwendo wa nyutroni, vile vichembe vinavyopasua urani, na nyutroni isiyopunguzwa mwendo haipasui urani vizuri, sasa mafuta yakipata joto ile haidrojeni iliyomo humo humo inatikisika na badala ya kuzipunguza nyutroni inazisukuma, basi mpasuko unashuka papo hapo kabla hata alamu haijalia. Baadhi ya TRIGA zinarushwa makusudi mpaka megawati 1,000 kwa kipande kidogo sana cha sekunde alafu zinajishusha zenyewe, wanafunzi wamesimama juu ya bwawa wanaangalia ule mwanga wa bluu. Hii ni sheria ya asili, haichoki na haiendi likizo.

Ila hapo hapo niweke breki. Sio kila kinu cha chuo ni TRIGA. Cha MIT, chuo cha teknolojia kule Massachusetts, Marekani, ni megawati 6, cha Chuo Kikuu cha Missouri ni megawati 10, hivyo vinatumia mafuta ya sahani nyembamba na vinahitaji maji yasukumwe na pampu muda wote vinapokuwa kwenye nguvu kamili. Mtu anayesema "vinu vya vyuo ni salama" kwa kutoa mfano wa TRIGA ya kilowati 250 anatumia ushahidi wa kinu kimoja kukitetea kingine.

Sasa twende kwa wanaopinga. Wanataja ajali, na ajali zipo. Tarehe 3 Januari 1961 kule Idaho kinu kidogo cha jeshi kiitwacho SL-1 kiliua watu watatu. 1983 Argentina, kinu cha utafiti RA-2, mwendeshaji mmoja akapata mionzi mikali akafa siku mbili baadae. Februari 2021 kinu cha taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, pale Gaithersburg, megawati 20, kikaharibu fimbo ya mafuta na kikakaa kimefungwa mpaka 2023. Hamna hata kimoja hapo ambacho ni cha chuo, na watetezi wanapenda kuishia hapo hapo, eti sio sisi. Mi naona wanakimbia somo, kwa sababu angalia kilichokuwa kinafanyika. SL-1 ilikuwa imezimwa kwa ajili ya sikukuu na mafundi walikuwa wanaunganisha fimbo za kudhibiti, moja ikavutwa kwa mkono kama nusu mita, mpasuko ukaruka ghafla, basi. RA-2 mtu alikuwa anapanga upya mafuta na maji, ambayo nayo yanapunguza mwendo wa nyutroni na kuchochea mpasuko, hayajatolewa yote kwenye tangi kama utaratibu ulivyotaka. NIST walibadilisha mafuta Januari, fimbo moja haikukaa vizuri kwenye komeo lake, hakuna aliyegundua, kinu kilipokuja kuwashwa ikachomoka mahali pake maji yakashindwa kuipoza. Uchunguzi wa baadae ulikuta mafunzo hafifu, maelekezo ya kazi yasiyojitosheleza na watu waliozoea kwamba mambo huwa yanaenda sawa. Ile fizikia nzuri ya mafuta ya TRIGA inakulinda na mengi, lakini haiwezi kukuambia komeo halijafunga.

Na kuna la nne ambalo hili ni la chuo kabisa. Kinshasa ndo kulikuwa na kinu cha kwanza Afrika, 1959, kwenye chuo cha Lovanium ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa. Fimbo mbili za mafuta ziliibiwa miaka ya 70, moja ikaja kukamatwa Italia 1998 mikononi mwa wahalifu, ya pili haijulikani iko wapi. Hapo hakikulipuka kitu wala haikulia alamu, ni suala la funguo na daftari la kuhesabu mali, kazi ambayo hakuna anayeitamani na hakuna anayepewa cheo kwa kuifanya vizuri.

Ndo maana kwangu mimi swali la usimamizi ni zito kuliko swali la wanafunzi. Kawaida kinu cha chuo kina macho mawili. Jicho la ndani ni kamati ya usalama, maprofesa na wataalamu wa mionzi wanaopitia kila mabadiliko ya vifaa na utaratibu kabla hayajafanyika. Jicho la nje ni mkaguzi wa serikali. Kamati inakijua kinu kwa undani, inajua pampu ipi ina tabia gani, lakini wajumbe ni wenzao, wengine utafiti wao unategemea kinu kiwake wiki hii, na ni vigumu sana kumwambia mwenzako unayekutana nae kila siku kwamba simamisha. Mkaguzi hana undugu na mtu ila anakuja mara moja moja, anakaa siku chache anaondoka, wakati kwenye vituo vya umeme vya Marekani wakaguzi wana ofisi pale pale. Hii haikutokea kwa bahati mbaya, sheria ya atomiki ya Marekani ya 1954 inaiagiza tume iweke kiwango cha chini kabisa cha udhibiti kinachotosha kulinda watu ili utafiti usikwame. Wanaopinga wanaona huo ni mlango umeachwa wazi. Mi siendi huko, chuo chenye wafanyakazi wachache ukikipa makaratasi ya kituo cha umeme utakuwa umemtoa mtu bwawani umemkalisha kwenye kompyuta, na usalama utapungua. Lakini udhibiti mdogo una maana tu kama ule uliobaki umewekwa mahali penyewe, na mahali penyewe ni siku za kubadilisha mafuta na kufungua vifaa, sio siku ya kuwasha ambayo kila mtu tayari yuko makini.

Kwenye hilo la wanafunzi naomba nionekane niko upande gani. Udhaifu wao mkubwa ni kwamba wanaondoka, baada ya miaka minne kichwa kilichojifunza kinu kimehitimu na kinakuja kipya, kwa hiyo kila jambo lisiloandikwa linapotea. Lakini mwanafunzi ana kitu ambacho mzee wa miaka 25 kazini huwa kimemtoka, anafuata karatasi mstari kwa mstari na anauliza kwa nini. Pale ambapo kosa ni mazoea, mtu anayeuliza ni kinga halisi, mradi awepo mwenye leseni ya juu ambaye hakasiriki akiulizwa. Kinachoniogopesha zaidi ni idara iliyobaki na msimamizi mmoja mwenye kumbukumbu zote kichwani, bajeti ikakatwa, akastaafu.

Pia kuna mambo ambayo yanatatuliwa bila kutegemea tabia ya mtu yeyote. Chuo cha Ahmadu Bello kule Zaria, Nigeria, kinu chake kidogo kilikuwa na urani iliyorutubishwa sana, yaani iliyoongezewa sehemu inayopasuka kirahisi, aina ambayo mwizi angeitamani, 2018 ikatolewa ikarudishwa China na kinu kinaendelea na mafuta ambayo sehemu hiyo ni chini ya asilimia 20. MIT na Missouri bado wako kwenye urani iliyorutubishwa sana wakisubiri mafuta mapya yenye urani iliyosongamana vya kutosha kufidia urutubishaji mdogo. Hapa wanaopinga wana haki ya kupiga kelele, ila kufunga cha Missouri leo ni kugusa dawa za mionzi kama lutetiamu-177 inayotumika kutibu saratani, mgonjwa anayeingoja hana kosa lolote kwenye mabishano haya.

Kwa hiyo ningekuwa mzazi au jirani wa kinu cha namna hii, nisingeuliza kina megawati ngapi wala nani anakiwasha. Ningeuliza mara ya mwisho mafuta yalihamishwa lini, nani mwingine asiye kwenye zamu ile alithibitisha kila komeo kwa mkono wake, na kama kamati yao imewahi kukataa ombi hata moja mwaka huu.