Propu si wa kusukuma tu
Mwandishi wa makala moja ya raga anasema propu, yule mchezaji wa mstari wa mbele, kazi yake ni kusukuma skramu, yaani pale timu mbili zinapokumbatana na kusukumana kugombea mpira, mengine awaachie wenye mbio. Hapo nakataa kabisa. Propu Gethin Jenkins aliichezea Wales mechi 129 kati ya 2002 na 2016, na kila nikimtaja naikumbuka Machi 2005 pale Cardiff dhidi ya Ireland: aliukinga kwa mwili mpira uliopigwa na Ronan O'Gara wa Ireland, akaukimbilia, akausogeza kwa mguu, kisha akauangukia nyuma ya mstari wa goli, trai! Wales wakashinda 32-20 na kutwaa Grand Slam, yaani kushinda mechi zote za mashindano ya Six Nations, yao ya kwanza tangu 1978. Mimi nilicheza namba moja, yaani propu, shuleni. Ukitoka kwenye skramu shingo inawaka moto, hata kutembea ni kazi, sembuse kukimbia. Nani mwingine mmemwona akifanya kama Jenkins katika nafasi ile?