Vitabu vya hadithi: vilale kabatini au vilale majumbani?

Katika kikao cha mwisho cha kamati ya skuli yetu, huku kaskazini mwa Pemba, tulikwama karibu saa nzima kwenye ufunguo. Ajenda ilikuwa namna ya kuwafanya watoto wapende kusoma. Mjumbe mmoja akauliza kabati la hadithi lililo ofisini hufunguliwa lini. Mwalimu wa stoo akajibu bila kuficha: hufunguliwa akija mkaguzi, na siku ya Jumatano kwa darasa la tano. Hapo tukagawika. Wengine wakataka watoto waazimwe vitabu waende navyo nyumbani, wengine wakasema vikitoka havirudi. Mimi ni mzazi, na niliwahi kufundisha Kiswahili miaka kadhaa. Nilitoka pale nikiona kwamba kila upande una hoja nzito kuliko tulivyopeana nafasi ya kuzieleza.

Nianze na wanaotaka kufuli libaki, maana hao hulaumiwa upesi na kusikilizwa kidogo. Kila kitabu cha skuli kimeandikwa kwenye daftari la mali, na daftari lina saini ya mtu. Kitabu kikipotea, anayeulizwa ni aliyetia saini. Namjua mwalimu aliyetoa fedha zake mfukoni kununua vitabu viwili mjini ili hesabu ikae sawa kabla hajamkabidhi mwenziwe stoo. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia "vitoe tu", unamwambia ajiingize kwenye deni.

Na majumbani mwetu kweli vitabu hupata taabu. Masika ikishika, kuanzia Machi hadi Mei, paa la makuti huvuja pale pale alipolala mtoto. Mdogo mtu akipata kitabu hukichana kwa furaha. Muuza njugu anahitaji karatasi za kufungia, na haulizi zimetoka wapi. Juu ya hayo kuna haki ya watoto wa baadaye: vitabu mia mbili vikimalizika kwa miaka mitatu, aliye darasa la kwanza leo atafika la nne akute rafu tupu. Hoja hii ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu mwenye kuitoa hajitetei yeye, anamtetea mtoto asiyekuwepo kikaoni.

Sasa upande wa pili. Skuli nyingi za hapa zimesomesha kwa mikondo miwili kwa miaka mingi, wengine asubuhi na wengine mchana. Serikali imekuwa ikijenga skuli za ghorofa ili mkondo ubaki mmoja, na palipojengwa watu wameona tofauti, lakini kwetu bado. Mtoto wa mkondo wa asubuhi akitoka anakula, anakwenda chuoni, yaani madrasa, kwa maalim wake, akirudi kuna maji ya kuteka na mwani wa kumsaidia mama kuanika. Kusoma hadithi kwa kujipendea hakuna pa kukaa ndani ya saa za skuli. Kama kuna nafasi, ni usiku, nyumbani.

Nilifanya hesabu ndogo pembezoni mwa daftari langu. Chukua kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Ukitoa dakika 10 za kugawa na kukusanya vitabu, zinabaki 30, na kwa mwaka wenye wiki 38 za masomo ni saa 19, mvua isiponyesha na mwalimu asipoitwa mkutanoni. Mtoto mwenye kitabu nyumbani akisoma dakika 15 kwa siku nne tu za wiki, kwa muda ule ule atapata saa 38. Ni mara mbili, bila mwalimu kuongezewa kazi. Umeme uliofika Pemba mwaka 2010 kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukuingia kila nyumba, lakini katika nyingi ulimoingia, taa inawaka na mtoto hana cha kusoma ila daftari lake la hesabati.

Tena si kweli kwamba kilichofungiwa kimesalimika. Siku ile tulilifungua kabati. Rafu ya chini mchwa walikuwa wamekwisha kula migongo ya vitabu, na vya juu kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Kwenye daftari vyote vilihesabiwa kuwa vipo. Kitabu kilichooza bila kufunguliwa kimepotea sawasawa na kilichofungiwa njugu, ila cha njugu angalau mtu alikishika mkononi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu baadhi yake nilivibeba mimi mwenyewe kutoka gari la mizigo siku vilipoletwa.

Mjumbe aliyetetea kuazima alitoa mfano uliotunyamazisha wote. Alisema: mbona juzuu ya Qur'ani hailali chuoni? Mtoto wa miaka sita hubeba juzuu yake kwenda na kurudi, imefungwa kitambaa, na akifika nyumbani huiweka mahali pa juu. Haichaniki wala haifungiwi njugu. Tumekuwa tukiwaamini watoto hawa kwa maandishi matukufu kuliko yote, halafu tunawanyima hadithi ya sungura.

Mwalimu wa stoo alijibu kwamba juzuu inalindwa na heshima ya dini, na hadithi ya sungura haina mlinzi huyo. Ni jibu la haki. Lakini nadhani kuna jambo jingine chini yake. Juzuu inalindwa pia kwa sababu kila aliyemo nyumbani anajua ni ya nini. Baba akimkuta mtoto anayo, anapita kimya kimya. Akimkuta na kitabu cha hadithi humwambia, "Acha mchezo, kasome." Neno letu lenyewe limetufunga: kusoma ni skuli, ni mtihani, ni chuo kikuu, ni Qur'ani. Yule anayesoma kwa sababu anataka kujua fisi alifanywa nini hatujampa jina. Na hali bibi yake akianza "Paukwa!" nyumba nzima huitikia "Pakawa!" na hakuna anayesema ni mchezo. Watoto hawa hadithi wanaipenda tangu hapo. Ni karatasi tu ambayo haijajulishwa kwao kuwa hadithi imo ndani yake, na kujulishana huko ni kazi ya nyumbani kuliko ya darasani.

Kikao kilipochoka, likatolewa pendekezo la katikati: vitabu vibaki skuli, ila tuweke mashindano, na atakayesoma vingi apewe zawadi mbele ya wazee siku ya kufunga skuli. Wengi walilipenda. Mimi nalipinga, ingawa najua zawadi ina mvuto wake na mtoto aliyepigiwa makofi hasahau. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio la huko Marekani kwa watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti kama watachora, wiki moja au mbili baadaye walipoachwa huru walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kuchora kwao si kusoma kwetu, lakini onyo linafika: ukimlipa mtoto kwa kitu anachokipenda, unamfundisha kwamba ni kazi. Na katika mashindano ya idadi, mjanja atachagua vitabu vyembamba. Zawadi tuiweke kwa anayeanza kujifunza herufi na anayehitaji kusukumwa.

Lakini hata wanaotaka kabati lifunguliwe, nami nimo, tujiulize limejaa nini. Zaidi ya nusu ya vile vya kwetu ni vitabu vya msaada, vya Kiingereza, vyenye watoto wanaoteleza kwenye theluji. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipeleka hesabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, na tangu wakati huo wazee wengi huona kitabu cha Kiingereza ndicho chenye faida. Sikatai Kiingereza. Nasema mapenzi hayaanzi kwa lugha ambayo mtoto anaitamka vizuri asijue amesema nini. Na visiwa hivi havina ukame wa waandishi: Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed, Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed. Hata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobeli ya fasihi mwaka 2021, riwaya yake Paradise ya 1994 ilifika kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022, baada ya miaka 28. Hizo ni za wakubwa. Mtoto wa darasa la tatu wa Micheweni hana wingi kama huo, na Maktaba iliyo karibu naye ni ya Chake Chake, safari ya daladala kwenda na kurudi. Kwa hiyo tukiazima, tuanze na vichache vya Kiswahili, hata kama ni arubaini tu.

Nilipokuwa nikifundisha niliwahi kuvunja kanuni, nikaazimisha vitabu vitatu wiki moja kabla ya likizo ya msimu wa karafuu. Viwili havikurudi mpaka leo. Cha tatu kilirudi baada ya wiki tisa, hakina jalada, kimeshika madoa na kinanuka karafuu. Mtoto aliyekichukua alikwenda nacho dago, walikopiga kambi wachumaji, na usiku wakichambua karafuu akawa anasoma kwa sauti, watu wazima wakisikiliza huku mikono ikifanya kazi. Akaniambia kuna mzee aliyemtaka arudie mlango wa nne mara mbili. Nilitakiwa nimtoze faini. Wenye kufuli wakinihesabia, nilipoteza viwili na nusu katika vitatu, na sina la kuwakanusha. Wenye kuazima watahesabu wasikilizaji wa dago lile. Mimi nimejaribu kuvipima pamoja na kila mara naangukia upande wa dago.

Kuhusu faini yenyewe sina shaka. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo katika visiwa hivi, na mlango huo haufai kufungwa kwa nyuma. Mzazi anayeishi kwa mwani akidaiwa bei ya kitabu, hataadhibiwa yeye. Mtoto ataanza kuumwa tumbo kila asubuhi mpaka deni lisahauliwe. Aliyepoteza apewe kazi ya kubandika vilivyochanika, basi.

Ninachokipeleka kikao kijacho ni hiki. Kamusi na vitabu vya mitihani vibaki vimefungwa, hapo wenye kufuli wako sawa. Hadithi za Kiswahili zitoke, darasa la tatu na la nne kwanza, kitabu kimoja kwa wiki mbili, na wanafunzi wenyewe waandike nani kachukua. Kina mama wanaosuka ukili wamekubali kutengeneza mikoba midogo ya kubebea, ya kuning'iniza ukutani mbali na maji. Wazee waitwe siku moja waelezwe kwamba mtoto aliyeshika hadithi anasoma. Desemba tuhesabu. Vikipotea visivyozidi kumi katika arubaini nitaona tumepata; vikipotea ishirini tusimame tujiulize upya, kwa ajili ya yule wa darasa la kwanza.

Limebaki la mwalimu wa stoo. Daftari la mali lina sehemu ya kilichopo na sehemu ya kilichopotea. Hakuna pa kuandika kitabu kilichochakaa kwa kusomwa, na bila hapo saini yake itaendelea kumtisha. Barua ya kuiomba Wizara ituruhusu kuongeza safu hiyo nimekwisha kuiandika. Inasubiri saini ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa kamati.