Mtupie Tu Bandani, Watazoeana

Watazoeana. Ndiyo dawa nzima hiyo, neno moja. Mtu kanunua pora, jogoo kijana, gulioni, kamfunga miguu, kamning'iniza kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli kilomita sita za vumbi, kafika, kafungua banda la mitetea kumi, karusha ndani, kafunga komeo. Ukimuuliza anapangusa mikono: "Kuku ni kuku bwana, watazoeana." Dakika kumi baadaye yuko ukutani kwako anauliza kama una GV, ile dawa ya bluu ya vidonda.

Sina. Yaani ninayo, lakini leo sina.

Jamani, banda lenye mitetea waliokaa pamoja mwaka mzima ni mtaa wenye serikali yake. Yupo wa kwanza kula, yupo wa pili, mpaka yule wa mwisho anayekula kwa kuvizia. Kila mmoja anajua nani anamdonoa na yeye amdonoe nani. Sura mpya ikiingia, vyeo vyote vinapangwa upya, na vinapangwa kwa mdomo, utosini. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ya utosini walinyamaza kwa heshima zao.

Na kabla ya ugomvi kuna kideri, ule ugonjwa wa kuku unaofagia banda zima. Huyo pora kalala tenga moja na kuku wa vijiji usivyovijua. Akae peke yake wiki 2 hadi 4, mbali na banda, ana bakuli lake, na wewe una ndala za kuingilia kwake tu. Hudumia wenyeji kwanza, yeye mwisho. Ukianzia kwake unawapelekea ugonjwa kwa unyayo wako mwenyewe. Pekua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka tundu la nyuma, ndiko chawa na utitiri wanakopanga vyumba. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka kama vigae vibovu, huo ni ukurutu wa vidudu. Paka mafuta mazito ya mgando, rudia baada ya siku chache mpaka yalale. Chanjo ya kideri tone moja jichoni, akiwa mzima, halafu mpe wiki 2 ikolee. Kila miezi 3 unarudia, kundi zima. Mtu atakwambia hana muda wa hayo. Wa kuchimba shimo la kufukia kuku kumi na mmoja anaupata.

Kimo nacho. Usipeleke kitoto cha miezi 2 kikatafute ukubwa wa nyumba. Ngoja alingane na mitetea, miezi 4 au 5 hivi. Na chakula cha kutagia kina chokaa nyingi mno kwa pora anayekua, figo zake zinaumia. Wote wape cha kukuzia, makombe ya baharini yaliyosagwa weka kwenye kopo la pembeni. Mtetea mwenye haja ya chokaa atajihudumia bila kusukumwa.

Halafu wavu. Wiki moja, afadhali mbili, waonane bila kugusana. Matundu yawe madogo, maana kwenye makubwa kichwa kinapita, na kikishapita kinarudi bila kilemba.

Sasa siku yenyewe. Wajanja wanampandisha kwenye fito usiku, gizani kuku haoni vizuri, wakiamini kukicha watamdhani mwenzao. Wapi! Kuku anaijua sura. Usiku unakusaidia kumwingiza tu. Asubuhi ni yako, saa kumi na mbili kasorobo uwe umesimama bandani, hata kama mswaki uko mdomoni.

Maana mwanamume anashuka. Anajikung'uta. Anatoa kifua ambacho bado hakijajaa. Kwenye chombo cha chakula kasimama Bi Mkubwa, mtetea wa kwanza wa banda, hata hajamtazama. Jogoo mzima hapo angeokota punje, akaiangusha, akaita ko-ko-ko, akangoja mama aje kula. Hivyo ndivyo kuku anavyobembelezwa. Pora anajua kipande tu cha shughuli: anashusha bawa moja, anacheza upandeupande, analikanyaga bawa lake mwenyewe, anayumba. Kimya. Halafu, badala ya kuomba radhi, anarukia.

Loo. Bi Mkubwa anafungua manyoya ya shingo kama mwavuli, anashuka naye puu! Pora anatimka, nyuma yake wa pili, wa tatu, na anayekimbiza kwa hasira kuliko wote ni yule mnyonge wa mwisho, aliyedonolewa tangu aanze kutaga, maana leo ndiyo mara ya kwanza kupata mtu wa chini yake! Wanazunguka, vumbi, ndoo ya maji imelala, na pora, kwa akili zake zote, anajichomeka kwenye kona nyuma ya viota. Kona haina mlango wa pili!

Kwa hiyo egesha ubao ukutani, uwazi huku na huku, aingie hapa atokee kule. Vyombo vya chakula viwe viwili, vya maji viwili, mbalimbali, kimoja kisionekane ukiwa kwenye kingine, kwa sababu Bi Mkubwa analinda kimoja, viwili vinamshinda. Kukimbizana na kudonoana kidogo, waache, hiyo ni sheria. Damu ndiyo si ya kuacha: wakiona wekundu hawaachi mpaka waumalize. Mtoe, paka GV, yeye bluu, shati lako bluu, arudi kidonda kikishapona. Na kama mkorofi ni Bi Mkubwa peke yake, mtoe BI MKUBWA, siku 2 au 3, akirudi naye mgeni. Watu wanamtoa pora kila siku, wanamrudisha kila siku, halafu wanashangaa kila siku ni siku ya kwanza.

Mayai yatapungua siku kadhaa. Na hapana, mtetea hahitaji jogoo ili atage, anamhitaji ukitaka vifaranga. Mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Wakiwa wachache wanabaki na migongo mitupu kwa kupandwa.

Baada ya wiki kadhaa anaanza kuita ko-ko-ko kama watu, mitetea wanachuchumaa wenyewe, na siku hiyo anapata sauti. Saa nane usiku. Sauti ya bawaba yenye kutu. Basi yule jirani wa watazoeana, mwenye spika kubwa kama friji, inayopiga tangu Ijumaa mpaka Jumapili, anasimama ukutani kusema kuku wako anamnyima usingizi. Eti una mpango gani naye. Umeme ukikatika yeye ananyamaza, anasema, huyu wako anazimwa wapi? Jumamosi anamtuma mtoto na kibakuli: mama anaomba mayai mawili ya kienyeji, yale yenye jogoo, hela atakuja nayo mwenyewe.