Ng'ambo ya nani?

Bibi yangu aliishi Miembeni, Unguja, na kila akienda sokoni Darajani alijitanda buibui na kutuaga: "Nakwenda mjini." Mwendo wa dakika kumi kwa miguu! Hori la bahari lililotenganisha pande mbili lilikuwa limeshafukiwa zamani, daraja lenyewe halipo, limebaki jina. Lakini kwake yeye mji ulikuwa kule, kwenye nyumba za mawe, na sisi tulikuwa ng'ambo.

Jina hilo linanikera. Ukisema ng'ambo, umeshasimama upande mwengine. Tumejiita kwa macho ya waliotutazama kutoka Mji Mkongwe, wakati watu wengi wa Unguja mjini walikuwa upande huu: waliotoka utumwani baada ya amri ya 1897, wachukuzi wa bandarini, Wangazija, watu wa bara, hata Wahindi wenye viduka vyao. Walisimamisha nyumba za miti na udongo juu ya viwanja vya watu. Nyumba yako, ardhi ya tajiri, na kodi ya kiwanja unalipa. Mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Hilo nalihesabu miongoni mwa mambo makubwa ya historia yetu, na sikulisikia skuli hata siku moja. Mwaka huohuo mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, aliyekuja mjini kutoka Fumba akiuza vyungu, alikwenda Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili. Maskani yake yalikuwa Ng'ambo.

Mgeni anayeshuka bandarini haoneshwi lolote katika haya. Anazungushwa kwenye milango ya nakshi, anafikishwa Darajani, anarudishwa. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, na ni haki yake. Lakini Mzee Karume, rais wetu wa kwanza, aliuawa Kisiwandui, huku Ng'ambo, Aprili 1972, si Forodhani.

Majumba ya Michenzani, huku huku Ng'ambo, nayo ni kazi ya Karume. Yale marefu kama treni, yaliyoanza kujengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, na mitaa mizima ikabomolewa kuyapisha. Wapo wasioyapenda. Mimi nayapenda, maana nimeona jinsi watu walivyoyafanya kuwa mtaa: chini wazee wanacheza bao na mama zetu wanauza urojo, juu nguo zinaanikwa na majirani wanaitana kutoka roshani moja hadi nyengine. Baraza lilivunjwa, watu wakaliunda upya kwenye ngazi.

Ninachokiogopa ni haya ya leo. Nyumba za zamani Ng'ambo zinauzwa moja moja, panapanda ghorofa, na wenyewe wanahamia pembezoni mwa mji: Fuoni, Tomondo, Kwarara. Huko kila nyumba ina ukuta na geti. Nyumba ya bibi nayo imeuzwa. Mwezi uliopita nilipita Miembeni: baraza alilokuwa akikaa jioni kusuka ukili limegeuzwa mlango wa duka la simu, na kijana wa dukani nilipomuuliza habari za wenyeji wa pale aliniambia yeye anakaa Fuoni, anakuja mjini asubuhi tu kufanya kazi.