Kapu la Krismasi na karatasi ya kihamba

Mwaka juzi, siku tatu kabla ya Krismasi, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilipeleka kapu kwa mjane mmoja wa huku kwetu mlimani. Mchele kilo 5, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia lita moja, miche miwili ya sabuni na doti ya kanga. Tulikuwa watu 11. Tuliingia na wimbo, tukasali fungu moja la rozari, mwenyekiti akakabidhi kapu, mama akapokea kwa mikono miwili. Kisha akaingia chumbani na kutoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, sahihi saba chini yake. Kikao cha ukoo kilikuwa kimeamua kwamba mwaka mpya ukianza ahame kihamba, yaani nyumba na shamba lake, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume.

Mwenyekiti aliisoma, akampa katibu, katibu akanipa mimi. Nikaisoma, nikaikunja, nikairudisha kwenye bahasha. Mmoja wetu akasema, "Mama, tutakuombea." Tukaimba wimbo wa kufunga, tukaondoka. Njiani hakuna aliyeitaja ile karatasi. Tulizungumzia nani atatengeneza pango la Mtoto Yesu mwaka huo.

Huku Uchagani Desemba ndiyo mwezi wa kurudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, magari hufuatana barabara ya Marangu na ya Rombo, na kila boma lina moshi. Ndugu wakishafika wote ndipo ukoo hukaa, na mambo ya vihamba huamuliwa hapo. Kwa hiyo wiki ileile tunayogawa makapu, mara nyingi ndiyo wiki ambayo mjane fulani anaambiwa afungashe. Nimesali jumuiya kwa zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kuziweka kalenda hizo mbili pamoja hadi siku ile.

Kwa msomaji asiye wa huku, kihamba ni nyumba, migomba, mibuni michache, zizi la ng'ombe, na makaburi. Mume wa mama huyu amelala hatua chache kutoka mlango wa jikoni, kaburi limewekewa vigae vyeupe. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio hutazamwa kabla ya wengine katika urithi, na kitindamimba hubaki na nyumba ya wazazi. Marehemu alikuwa kitindamimba. Yeye na mkewe walimuuguza mama mkwe miaka sita hadi alipofariki. Wakajaliwa mabinti wawili. Kikao kilipohesabu warithi, mabinti hao hawakuhesabika.

Sisemi makapu yaachwe. Nimewahi kulelewa na kapu la namna hiyo, baba yangu alipolazwa mwaka mzima, na ladha ya ule wali ninaikumbuka hadi leo. Wala hakuna mtu wa Kilimanjaro anayeweza kubeza huduma za makanisa. Tulizaliwa hospitali ya Kilema, tukatibiwa ile ya Machame, tukapelekwa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, na wengi wetu tulijifunza kusoma kwenye madarasa yaliyojengwa na misheni. Ninachosema ni kwamba tumeizoea sana huduma ya aina moja, ile ambayo mtoaji hamwudhi mtu yeyote. Kapu la mchele halimkasirishi shemeji. Kumsindikiza mjane mahakamani kunamkasirisha.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, kuna habari ambayo nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi kama chanzo cha ushemasi, basi. Isome tena. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia watawaombea. Hawakuwapelekea kapu la ziada wapate kunyamaza. Waliitisha kusanyiko, wakachaguliwa watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Yaani mgawo ulikabidhiwa mikononi mwa upande uliokuwa unalalamika! Kanisa la kwanza lilipoletewa malalamiko ya wajane, lilibadilisha utaratibu.

Na hili halikuletwa juzi na wanaharakati. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kusali kila siku, alizungumza na watawa wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowatia watu katika umaskini na unyonge, litakosa maana kwa mwanadamu. Miaka mitatu baadaye maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi wakazipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, na mwaka 1976 wakalikazia tena. Nia ilikuwa waumini wajuane kwa majina na shida zao. Sisi tumejuana. Najua mama yule ana presha, najua binti yake mdogo yuko chuo cha ualimu, najua ng'ombe wake alizaa lini. Nilijua yote hayo, na bado niliikunja ile karatasi.

Nitasema kwa nini, maana nadhani siko peke yangu. Mmoja wa waliotia sahihi ni muumini mwenzetu. Hukaa benchi la mbele, anachangia ujenzi kuliko jumuiya tatu zikiwekwa pamoja, na mabati ya ukumbi wetu aliyatoa yeye. Kila mmoja wetu aliliona jina lake kwenye karatasi ile. Tuliogopa.

Aliyetutoa kwenye aibu ile ni katibu wetu, mwalimu mstaafu. Jumamosi ya pili ya Januari, baada ya injili kusomwa na watu kuanza kushirikishana, alisimama akasema, "Nimeshindwa kulala. Yule mama alitupa karatasi asome nani?" Kimya kilikuwa kirefu. Bibi mmoja, ambaye naye alifiwa na mumewe akiwa kijana, akajibu, "Mimi nilipoonyesha yangu, hakuna aliyeisoma." Halafu akaanza kulia, na jumuiya nzima ikaishia hapo siku hiyo, bila matangazo wala sadaka.

Jumatatu yake watu wanne walikwenda kwa paroko. Shemeji alikuwa ameshaanza kusema kijijini kwamba huyu mama hakuwahi kuolewa, alikuwa amewekwa tu, na cheti cha ndoa hakikuonekana. Kilipotea wakati wa msiba, wakati kila mtu anaingia na kutoka chumbani. Paroko akafungua kabati la sakristia, akatoa daftari la ndoa la mwaka 1994. Kurasa zimeliwa na mende pembeni, lakini mstari upo: jina la bwana, jina la bibi, tarehe, na mashahidi wawili. Shahidi wa upande wa mume ni mmoja wa wale saba waliotia sahihi ya kumfukuza.

Paroko akaandika nakala, akagonga muhuri, na hakutoza kitu. Ninakaa nikiwaza juu ya kabati lile. Kila parokia ya zamani hapa mlimani ina madaftari kama hayo: ubatizo, ndoa, mazishi. Tunayatumia mtu akitaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto. Kumbe ni ushahidi wa maelfu ya wanawake, umefungiwa ndani pamoja na divai ya misa.

Kilichofuata kilikuwa miguu na nauli. Cheti cha kifo. Barua ya mtendaji wa kijiji. Muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao mahakama kwa kawaida huutaka, na ukoo ukakataa kuutoa, ikabidi kuwatafuta wazee wawili wa upande wa marehemu ambao hawakukubaliana na wenzao. Maombi ya usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo. Tangazo ubaoni. Pingamizi la shemeji. Tarehe, tarehe nyingine, hakimu yuko likizo, tarehe nyingine tena. Mara tisa mama yule alishuka mlima, na mara zote tisa alikuwa na watu wawili wa jumuiya pembeni yake kwenye benchi. Nauli ilitoka kwenye mfuko wetu wa huruma, uleule unaonunua mchele.

Novemba mwaka jana aliteuliwa msimamizi wa mirathi. Shemeji alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, na huko ndiko tuliko sasa.

Katika kumsindikiza nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kanisani. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, linalogusa makabila mengi, linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa upande mwingine Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Maandishi hayo mawili yanaishi nchi moja, na mjane ndiye anayesimama katikati. Wajane wawili wa Shinyanga walipeleka jambo hili Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba mila hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wakaenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania ilivunja haki zao. Walishinda Geneva, na tamko la 1963 bado linatajwa kwenye vikao vya ukoo.

Wapo waumini wanaoniambia Kanisa lisiingie mambo ya familia za watu. Nawaheshimu, wengine ni wazee wangu. Lakini tunaingia familia za watu kila siku. Tunaulizia kama ndoa imefungwa kabla ya kubatiza mtoto. Tunapatanisha mume na mke. Tunajua nani hajalipa zaka. Iweje kihamba ndicho kiwe jambo la ndani?

Hoja nzito zaidi niliyoisikia ni ya undugu: kwamba tukienda mahakamani tutavunja ukoo usiunganike tena. Hiyo siidharau. Mchaga aliyekosana na ndugu yake alikuwa akichukua jani la sale, mmea uleule unaoonyesha mpaka wa kihamba, akaenda nalo kuomba radhi, na aliyepelekewa sale alitarajiwa kusamehe. Katekista wetu alijaribu njia hiyo mara mbili kabla ya rufaa. Alikwenda kwa shemeji akiwa na wazee, akaeleza, akasihi. Mara ya pili hakufunguliwa geti. Upatanisho ninaupenda, lakini siwezi kumwomba mwanamke anayefukuzwa nyumbani kwake ndiye apeleke sale.

Yule mtoa mabati ameacha kusali kwetu. Amehamia kigango kingine, na ahadi yake ya kumalizia ukumbi imekwenda naye. Ukumbi una paa, hauna dari wala madirisha, na mvua za masika ziliingia ndani. Wapo wanaotulaumu sisi wanne au watano kwa hilo, waziwazi, nje ya kanisa baada ya misa. Huwa wananiumiza kwa sababu najua nao waliutolea jasho ukumbi ule. Bado naamini kwamba mchango unaotutaka tunyamaze ulipaswa kurudishwa mapema, tena na sisi wenyewe, kabla hajaondoka nao.

Ningetamani kila parokia ifanye mambo machache ambayo hayahitaji mfadhili. Kabla ya Krismasi, paroko atangaze misa zote kwamba mjane aliyeandikiwa ahame asikae na karatasi peke yake, ailete. Mfuko wa huruma ulipe nauli ya mahakamani bila kujadiliwa upya kila mara. Na tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, hivyo parokia inaweza kuwapeleka watu wake wakapate mafunzo. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, wako kila kigango, na wanajua kila nyumba yenye msiba kabla hata kengele haijagongwa. Kama kuna watu wa kuanza nao, ni hao.

Desemba iliyopita tulikwenda tena na kapu. Mchele, sukari, sabuni. Mama alitukaribisha chini ya mgomba, akatupikia mtori, na kwa mara ya kwanza jumuiya ilisali kwake bila mtu kuharakisha. Binti mdogo alikuwa amerudi kutoka chuoni. Yeye ndiye anayetunza faili sasa, la plastiki ya kijani, na nakala ya daftari la ndoa ipo juu kabisa.

Rufaa imepangwa Alhamisi ijayo saa 3 asubuhi. Zamu ni yangu na ya yule bibi ambaye karatasi yake haikusomwa. Ameniambia tukutane barabarani saa 12, gari la kwanza lisituache.