Barua ya jumuiya si risiti

Mama mdogo wangu alizikwa bila Misa. Alifariki usiku kijijini, mimi nikiwa zamu wodini hapa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na nilichoweza kufanya ni kushinda kwenye simu. Asubuhi kaka yangu akaenda parokiani, akaambiwa alete kwanza barua ya jumuiya ya marehemu, lile kundi dogo la Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akafungua daftari: zaka ya miaka mitatu haijalipwa, mchango wa nyumba ya mapadre haujalipwa, mahudhurio ya sala hafifu. Mama mdogo alikuwa na kisukari, mguu mmoja umekatwa. Kutoka kitandani hadi uani ilikuwa safari. Kaka akasema basi nalipa lote sasa hivi. Akajibiwa kwamba haiwezekani, watu watasema familia imenunua Misa. Mama mdogo akazikwa na katekista, mwalimu wa dini asiye padre, na padre alikuwepo parokiani siku hiyo.

Sitaji parokia, kwa sababu najua hadithi hii wengi mnayo ya kwenu. Ila imenifanya nitazame upya jinsi mambo yanavyokwenda huku, maana kila nikipiga simu nyumbani kuna anayeniuliza: ni kweli Ujerumani mnakatwa kodi ya kanisa?

Ni kweli. Nilipofika nilikwenda ofisi ya mji kujiandikisha makazi, na kwenye fomu kuna sehemu ya dini. Nikaandika Mkatoliki, bila kujua kwamba nimejaza na fomu ya zaka. Mwisho wa mwezi, kwenye hati ya mshahara, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba chini ya kodi ya mapato. Watu nyumbani hudhani ni asilimia ya mshahara, sivyo. Ni asilimia 8 ya ile kodi yenyewe hapa Bavaria na jimbo jirani la Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko. Ukikatwa kodi ya euro 300, kanisa linapata 24. Serikali inakusanya, inawakabidhi maaskofu, na hakuna mtu parokiani anayejua umetoa kiasi gani. Hakuna bahasha yenye namba, hakuna majina kusomwa baada ya Komunyo.

Ukichoka kulipa, unakwenda ofisi ya serikali, unatia sahihi kwamba umejitoa kanisani. Na hapo mlango unafungwa. Tangu mwaka 2012 agizo la maaskofu wa Ujerumani linasema aliyejitoa hapokei Kitubio, Ekaristi, Kipaimara wala Mpako wa Wagonjwa, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Hawezi kusimamia mtoto wa ubatizo. Hata mazishi ya kanisa anaweza kunyimwa kama hakuonyesha dalili yoyote ya kutubu. Mwaka 2023 peke yake walijitoa Wakatoliki 402,694. Tulipotaka kumbatiza mwanangu, dada mmoja tunayefanya naye kazi, aliyekaa nami usiku kucha nilipojifungua, alitamani kuwa mama wa ubatizo. Paroko alikuja nyumbani, akanywa chai, akakaa saa nzima, akauliza vyeti vyetu na cha msimamizi. Dada yule alijitoa miaka sita iliyopita. Ikashindikana, na nilimwona akigeuza uso dirishani.

Kwa hiyo sitoki mahali palipo safi kuliko kwetu. Huku nako fedha imesimama karibu mno na altare.

Lakini kuna jambo moja la mfumo huu lililonichoma nilipolielewa. Asiyelipa kodi ya mapato halipi kodi ya kanisa. Mzee mwenye pensheni ndogo, asiye na kazi, mwanafunzi: wote hawakatwi chochote, na ni waamini kamili. Anabatizwa, anaungama, anaoa, anazikwa na Misa. Mama mdogo wangu angekuwa anaishi mtaa huu ninaoishi, na mguu wake mmoja, asingedaiwa hata senti.

Nimeisoma Sheria ya Kanisa tangu msiba ule, na ni ileile hapa na Songea. Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai kitu kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka iliyopangwa na wenye mamlaka, na wakati wote aangalie maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga, waliotaka miili yao ichomwe kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Hata hao, wakitoa dalili ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Na penye shaka aulizwe Askofu wa mahali. Nimeirudia orodha hiyo mara nyingi. Mdaiwa wa ujenzi hayumo. Wala siku ile hakuna aliyempigia Askofu simu.

Msinielewe kwamba naipiga vita jumuiya. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliziweka jumuiya ndogondogo mbele kwa sababu nzuri, na mimi ninayeishi bila jumuiya naijua thamani yake kuliko ninyi mlio nayo kila Jumamosi alfajiri. Mwaka jana nilimzika mzee mmoja niliyemuuguza. Misa nzuri, kinanda kizuri, watu watano kanisani. Padre aliyesoma jina lake alilisoma kutoka kwenye karatasi. Tulipotoka kila mmoja akashika njia yake. Kwetu, hata mama mdogo aliyenyimwa Misa, kinamama wa jumuiya ileile walilala chini sebuleni siku tatu. Walileta kuni, unga na maharage, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Yule mwenyekiti aliyekataa barua alichimba kaburi kwa mikono yake. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Walimpenda, ila daftari likawashinda.

Barua ya jumuiya ilikusudiwa kuwa ushuhuda. Paroko mwenye vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, kumi na zaidi hawezi kumjua kila mtu, hivyo wanaomjua wanamwandikia: huyu tunaishi naye, huyu wazazi wake watamlea mtoto katika imani, huyu alikuwa mgonjwa, njoo. Mahali fulani tukaanza kuandika ndani yake hesabu ya fedha, na ushuhuda ukageuka risiti.

Najua fedha inahitajika. Mimi ni mtoto wa Peramiho. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1898 na Wabenediktini wa Sankt Ottilien, abasia iliyo huku Bavaria, na lile kanisa kubwa nililobatiziwa walilijenga wao. Makanisa ya huku sasa mengine yanafungwa, hivyo tusitegemee kwamba mkono ule utanyooshwa milele. Kulitegemeza kanisa ni wajibu wetu, mwenye uwezo akumbushwe, tena kwa nguvu. Ninachoomba halmashauri za parokia ni kitu kidogo kinachowezekana hata mwezi huu: daftari la michango likae kwa mweka hazina, na barua ya sakramenti au ya mazishi iandikwe na mtu asiyelifungua. Wagonjwa na wazee waondolewe kabisa kwenye orodha ya wadaiwa. Na aliyeacha kuonekana jumuiya miezi miwili, mtu aende kwake kabla jina halijawekewa alama nyekundu.

Mwezi mmoja baada ya msiba nilipanda treni kwenda Sankt Ottilien. Niliambiwa yupo mmonaki mzee aliyefanya kazi kusini mwa Tanzania. Nilimkuta bustanini na mkongojo, nikasema, “Tumsifu Yesu Kristo.” Akasimama wima. “Milele amina, mama. Umetoka wapi?” Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwetu kabisa. Niliungama kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na katikati nikashindwa kusema, akangoja. Kisha nikamwomba Misa kwa ajili ya mama mdogo, nikatoa bahasha. Aliishika, akanirudishia, akanielekeza sanduku la maskini lililo karibu na mlango wa kanisa. Akatoa kalamu mfukoni, akaniuliza jina lake la ubatizo.